Mbunge na mfuko wa askari

Umeuliza mbunge mmoja Marekani ana ubavu gani kwenye bajeti ya jeshi, wakati rais na Pentagon, yaani wizara ya ulinzi, ndio wanaoandaa makadirio. Anao, ila kazi inafanyika kwenye kamati, si pale anapohutubia. Chukua Don Bacon wa Nebraska, brigedia jenerali mstaafu aliyewahi kuwa kamanda katika kambi ya Offutt, jirani na Omaha. Aliongoza jopo la wabunge wa vyama vyote viwili lililochunguza maisha ya familia za askari: mishahara, nyumba, malezi ya watoto, matibabu, ajira za wake na waume zao. Mapendekezo yakaingia kwenye sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2025, na askari wa vyeo vya chini wakaongezewa mshahara kwa asilimia 14.5, wengine 4.5. Kwa koplo mwenye kichanga, hizo ni nepi na maziwa ya kopo. Ila sheria ile inaidhinisha tu. Hela zenyewe hupitia kamati nyingine, na huko mbunge anaanza kubembeleza upya.