Mbolea ya Nyasi za Nyumbani: Subiri Mvua Ishike

Msomaji wa Buswelu, Mwanza, ametuandikia kwamba alimwaga mbolea ya yurea kwenye ukoka wake mwezi Agosti, na sasa nyasi zina mabaka ya kahawia. Anauliza kama aongeze. Usiongeze hata punje!

Nyasi zimeungua kwa chumvichumvi ya mbolea. Yurea ikirundikana kwenye udongo mkavu, mizizi hushindwa kunyonya maji. Mwagilia kwa wingi siku tatu mfululizo ili mbolea ishuke chini. Ukoka una mashina yanayotambaa ardhini, kwa hiyo kwa kawaida huchipua tena.

Kwa Mwanza, weka mbolea vuli ikishashika, tuseme Novemba, kisha masika yakianza Machi. Chimba kidogo: udongo uwe umelowana urefu wa kidole na nyasi zimeshaanza kukua. Juni hadi Septemba acha kabisa, labda kama una maji ya uhakika.

Kwa mita 100 za mraba, kilo 1 ya yurea au kilo 2 za CAN (mbolea nyingine ya nitrojeni, yenye chokaa) zinatosha. Pima kwa mizani; kukadiria kwa kiganja ndiko kunakounguza. Anayeanza achukue CAN, kwa sababu yurea ikiachwa juu bila maji sehemu yake hupotea hewani kama amonia. Viwanja vingi vya hapa vina luseni, yaani udongo wa kichanga usioshika mbolea, hivyo gawa kipimo hicho mara mbili, wiki nne kati yake.

Kata nyasi siku mbili kabla. Majani yakiwa makavu, changanya mbolea na ndoo ya mchanga mkavu, nusu uimwage ukitembea kwa urefu wa kiwanja, nusu kwa upana. Mwagilia papo hapo: ndoo ya lita 20 kwa kila mita 2 za mraba.

Samadi ni nzuri pia, ila iwe imeoza na kuchekechwa. Mbichi huleta mbegu za magugu.

Wakazi wa miinuko kama Isamilo na Capri Point, tafadhali, wingu zito likitanda ahirisheni. Mvua kubwa husomba mbolea hadi mitaroni, ikaingia ziwani kulisha magugu maji. Acheni mita kadhaa kando ya mtaro bila mbolea. Mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zinalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004; huko msipeleke mbolea kabisa.