Neno Linalotangulia Jina la Mchoraji

Miaka kadhaa iliyopita, nikiishi London, nilinunua mnadani picha ndogo ya Bikira Maria akisali, amejitanda joho la buluu, ambayo katalogi ilisema "inadhaniwa kuwa ya" Sassoferrato, mchoraji wa Italia aliyefariki mwaka 1685. Nilisoma jina, nikaliruka neno lililolitangulia.

Jina likiandikwa peke yake, nyumba ya mnada inaamini kwamba mchoraji huyo ndiye aliyeshika brashi. "Karakana ya" huwaingiza wanafunzi wake, "mfuasi wa" anaweza kuwa mtu asiyepata kumwona, na "kwa mtindo wa" mara nyingi ni kazi ya zama za baadaye kabisa. Kwa Sassoferrato ningepaswa kuwa mwangalifu maradufu, kwa kuwa yeye mwenyewe aliirudia sura hiyo ya Bikira mara nyingi, na wengine wakaendelea kuinakili hata katika karne ya 19.

Omba uigeuze picha kabla ya siku ya mnada. Mimi niliigeuza nikiwa nyumbani, nikabandua karatasi ya nyuma ya fremu na kukuta mhuri wa duka lililouza turubai ya kuchorea. Fundi wa kukarabati picha alipochukua chembe za rangi kwenye joho, alipata buluu ya Prussia, iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, wakati Sassoferrato alikwisha kuzikwa. Hata hivyo rangi moja haitoshi kuhukumu, maana huenda iliongezwa na mkarabati wa baadaye. Ndiyo sababu chembe huchukuliwa sehemu kadhaa, hadi tabaka la chini. Yangu ilikuwa buluu ileile mpaka chini.

Shaka huweza pia kuipandisha picha hadhi. Mwaka 2021 huko Madrid, picha ya Kristo mwenye taji la miiba iliwekwa mnadani kwa bei ya kuanzia ya euro 1,500, ikihusishwa na wachoraji wa karibu na Ribera, mchoraji wa Uhispania wa karne ya 17. Wataalamu wakahisi mkono wa Caravaggio, mchoraji mashuhuri wa Italia, ikaondolewa kabla ya kuuzwa, na mwaka 2024 ikaonyeshwa katika makumbusho ya Prado kama kazi yake.

Mimi niliandika barua ya malalamiko. Nilijibiwa kwa adabu kwamba "inadhaniwa" haikuwa ahadi, na masharti ya mnada, ambayo niliyasoma siku hiyo kwa mara ya kwanza, yalikuwa upande wao.