Kabla Hujalegeza Boliti ya Distribyuta

Karibu kila kijana anayeanza ufundi wa injini huja siku moja na lalamiko lilelile: ameweka petroli ya okteni ya juu, mbona gari halijaongeza nguvu? Halijaongeza kwa sababu ile namba ya kwenye pampu haipimi nguvu. Inapima jinsi petroli inavyokataa kujiwasha yenyewe ikibanwa na kupata joto. Petroli ya 98 haina moto mkali kuliko ya 91, ila ina subira zaidi. Subira hiyo unaweza kuitumia ukisogeza taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche. Usipoisogeza, umelipia kitu ambacho injini yako haikukihitaji.

(Ukisoma namba, uliza pia ni ya kipimo gani. Ile 91 ya Marekani ni wastani wa vipimo viwili, na inakaribiana na 95 ya kipimo cha RON kinachotumika Ulaya na sehemu nyingi. Watu wamegombana bure kwa hilo.)

Sasa taimingi yenyewe. Plagi hutoa cheche kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa sababu moto unahitaji muda kusambaa ndani ya silinda. Muda huo ni mfupi sana, lakini krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, nayo haisubiri: kwa mizunguko 3000 kwa dakika inapita digrii 18 kila milisekunde moja, kwa 800 inapita digrii 5 kasoro kidogo. Ndiyo maana cheche hutangulia zaidi kadiri mwendo unavyopanda. Unachotafuta ni shinikizo lifike kilele pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, digrii kama 15 hivi baada ya kupita juu. Hapo linasukuma vizuri. Cheche ikichelewa, moto unaikimbiza pistoni iliyokwisha kuondoka, gari linakuwa zito na ekzosi inachemka. Ikiwahi kupita kiasi, shinikizo linapanda pistoni ikiwa bado inapanda, na petroli ambayo moto haujaifikia inalipuka yenyewe pembeni. Huko ndiko kugonga: mlio kama wa kokoto ndogo zinazotikiswa ndani ya kopo, hasa ukikanyaga mafuta mlimani ukiwa gia kubwa.

Mimi hili nililijua kwa hasara. Nilikuwa nimeanza kuaminiwa na wateja, nikaletewa gari la kabureta ambalo mwenyewe alikuwa amehamia petroli ya okteni ya juu. Fundi aliyenifundisha alikuwa akiseti kwa sikio, nami nikajiona nina sikio. Nikazungusha distribyuta, kile chombo kinachogawia plagi cheche kwa zamu, injini ikapandisha mlio, ikatulia vizuri kuliko mwanzo. Nikaongeza kidogo. Ikapendeza zaidi. Huo ndio mtego: pale gari liliposimama, bila mzigo, kupeleka cheche mbele karibu siku zote huifanya injini izunguke kwa wepesi. Sikio linasifia jambo ambalo mlima utalikataa. Wiki mbili baadaye gari likarudi likitoa moshi wa bluu, silinda ya tatu haina kompresheni. Tulipoitoa pistoni, ukingo wake juu ya ringi ulikuwa umemeguka kama biskuti iliyoguguniwa na panya. Mteja alisema hakuwahi kusikia mlio wowote, nami namwamini. Kwenye mwendo mkubwa kelele za injini na upepo huufunika.

Kwa hiyo tumia taa ya taimingi, ile inayomweka kila plagi inapotoa cheche. Injini iwe imepata joto lake la kazi. Chomoa hosi ya vakyumu ya distribyuta uizibe, na hakikisha injini inanguruma kwa mzunguko unaotakwa na kitabu cha gari, maana ukiwa juu mno, vile vyuma viwili vyenye springi ndani ya distribyuta, vinavyopeleka cheche mbele mwendo ukipanda, vinaanza kufunguka na unasoma uongo. Bana kishikio cha taa kwenye waya wa plagi namba 1, mulika puli ya krenki. Lakini kabla hujaiamini alama ya puli, thibitisha kwamba inasema kweli. Puli nyingi zina mpira katikati, na mpira ukizeeka ule mzingo wa nje wenye alama huhama. Toa plagi namba 1, tumbukiza kijiti laini, zungusha krenki kwa mkono kwa spana hadi pistoni ifike juu, uone kama alama iko kwenye sifuri.

Anza na digrii za kitabu. Kisha peleka mbele digrii 2, funga boliti, pima tena, maana boliti ikikazwa distribyuta hupenda kuhama. Distribyuta inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo digrii 2 za krenki ni digrii 1 ya distribyuta. Kwenye mwili wake wenye upana wa milimita 70, hiyo ni kama milimita 0.6 tu. Chora mstari mwembamba kwa msumari kabla hujagusa kitu. Rudisha hosi ya vakyumu, nenda ukapande mlima uleule kwa gia ileile. Ukisikia kokoto, au stata ikaanza kugoma injini ikiwa ya moto, rudisha nyuma. Kokoto zisiposikika, unaweza kuongeza digrii 2 nyingine kwa njia ileile, na kama hizo za pili hazijaleta tofauti unayoihisi, ziondoe. Injini ikishafika pazuri, digrii za ziada huongeza joto tu.

Gari lenye koili juu ya kila plagi halina cha kuzungusha. Kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, ndiyo inayopanga, na kama kuna sensa ya kusikiliza kugonga, itarudisha cheche nyuma yenyewe ikiisikia. Gari la namna hiyo hufaidika na okteni ya juu iwapo tu lilikuwa linajizuia kwa ile ya chini. Yale ya katikati, yenye distribyuta na kontroboksi pamoja, yana utaratibu wake: kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 unaunga matundu mawili ya soketi ya uchunguzi, yaliyoandikwa TE1 na E1, kwa kipande cha waya ili kompyuta iache kusahihisha wakati unapima. Ukisahau waya huo, utaseti kitu kisichokuwepo.

Ukimaliza, bandika karatasi chini ya boneti: digrii ngapi, petroli gani, tarehe gani. Mwenye gari akikosa ile ya 98 safarini akajaza ya 91, yeye au fundi atakayemfungulia boneti ajue distribyuta inatakiwa irudi wapi.