"Mifupa Mikubwa" Ina Kilo Ngapi? Pima Kifundo cha Mkono Kabla ya Kujipangia Uzito

Ujumbe wa msomaji mmoja wiki hii ulikuwa mfupi: "Nina miaka 38, urefu sentimita 160, kilo 84. Kliniki wameniambia nifike kilo 58. Kwetu sote tuna mifupa mikubwa, shangazi zangu wote ni wapana, hizo 58 sijui nitazifikaje. Nimezungusha tepu kwenye kifundo cha mkono nikapata 16.8. Nipunguze hadi ngapi?"

Dada, umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi: umepima. "Mifupa mikubwa" ni neno la kila siku, linatajwa harusini, kwa fundi cherehani, hata juu ya mizani yenyewe, na wengi wanaolitaja hawajawahi kuweka tepu kwenye mfupa hata mmoja. Neno hilo lina ukweli ndani yake. Ila ukweli huo ni wa kilo chache, na unapimika.

Kwanza uzito wa mifupa peke yake. Katika vipimo vya mtu wa mfano vinavyotumiwa na wataalamu wa mionzi duniani, mwanamke wa kilo 60 ana mifupa ya kilo 7.8, na mwanaume wa kilo 73 ana ya kilo 10.5, ukihesabu pamoja na uboho na gegedu. Tuseme yako imezidi hiyo kwa sehemu moja ya tano, ambayo ni nyingi. Umepata kilo moja na nusu hivi. Pakiti ya unga ya kilo mbili haijajaa bado. Kinachoongeza uzito zaidi kwa mtu mpana ni kwamba kiunzi kipana, yaani umbo pana la mifupa, hubeba misuli mingi zaidi: mabega, kifua na nyonga vyote vinapanuka. Ndiyo maana madaktari huruhusu kilo kadhaa za ziada, si moja na nusu tu. Lakini kilo ishirini na sita, zile za kutoka 58 hadi 84, haziwezi kutoka huko.

Sasa tepu. Tumia ile laini ya fundi cherehani, ila ikague kwanza. Iliyotumika miaka mingi huwa imevutika, na nyingine ncha yake ya bati imeng'oka, kwa hiyo sentimita ya kwanza si kamili. Ilaze kando ya rula ya shuleni yenye sentimita 30. Zikitofautiana, tafuta nyingine. Angalia pia upande unaosoma: upande mmoja ni inchi, wa pili sentimita. Kosa hilo linaonekana la kitoto, lakini hutokea.

Vua saa, bangili na shanga. Kunja mkono wa kulia kwenye kiwiko, kiganja kitazame juu, vidole vilegee, usifunge ngumi, maana ukifunga ngumi kano hukaza na kifundo kinanenepa. Papasa upande wa kidole kidogo: kuna kijifupa kimetokeza kama punje ya hindi chini ya ngozi. Watu wengi hupitisha tepu juu yake, au nyuma yake pale saa inapokaa, na wote wanapata namba kubwa kuliko yao. Tepu ipite mbele ya hicho kijifupa, upande wa kiganja, penye bonde jembamba karibu na mkunjo wa ngozi. Iguse ngozi pande zote bila kuiminya. Ukiona ngozi imefura kando ya tepu, umekaza mno. Soma hadi milimita, achia, rudia. Namba mbili zikipishana kwa zaidi ya milimita mbili, pima mara ya tatu uchukue wastani.

Urefu nao unatia watu makosani kuliko wanavyodhani, kwa sababu wengi huandika namba ya kwenye fomu ya zamani. Simama peku kwenye sakafu ngumu, visigino, makalio na mabega yaguse ukuta, macho yatazame mbele. Mwenzako aweke kitabu kigumu kichwani, ukingo mmoja ukiwa umelala ukutani, kisha atie alama ya penseli chini yake. Mwenye misuko iliyofungwa juu, wigi au kilemba avue au ashushe, la sivyo atajiongezea sentimita tatu za bure. Pima asubuhi, jioni mtu hupungua karibu sentimita moja kwa uti wa mgongo kubanwa kutwa nzima.

Kisha gawanya urefu kwa mzunguko wa kifundo, vyote kwa sentimita. Kwa mwanamke, jibu likizidi 11.0 kiunzi ni chembamba. Kati ya 10.1 na 11.0 ni cha wastani. Chini ya 10.1 ni kipana. Kwa mwanaume mipaka ni 10.4 na 9.6: juu ya 10.4 chembamba, chini ya 9.6 kipana. Jibu linakwenda kinyume na linavyosikika, namba ndogo ndiyo mtu mpana, kwa hiyo usije ukafurahia bure.

Ona nusu sentimita inavyoweza kukuhamisha. Mwanamke wa sentimita 160 mwenye kifundo cha 14.5 anapata 11.03, chembamba. Akilegeza tepu kidogo ikasoma 15.0, anapata 10.67, wastani. Hajaongeza hata gramu. Tepu ndiyo imelegea. Ndiyo sababu nimekaa sana kwenye kile kijifupa.

Kuna ile njia ya kuzungusha kidole gumba na cha kati kwenye kifundo: vikipandana wewe ni mwembamba, vikigusana wa wastani, visipofikiana mpana. Ni mchezo mzuri wa barazani. Inapima urefu wa vidole sawasawa na inavyopima mfupa, basi iishie hapo.

Turudi kwako. 160 kugawanya kwa 16.8 ni 9.52. Kipana, na shangazi zako wameshinda. Lakini subiri. Kwa mtu wa kilo 84 kifundo nacho kina mafuta chini ya ngozi, na mwenye matatizo ya figo au ujauzito anaweza kuwa na maji pia. Tepu haijui kutenganisha mafuta na mfupa. Kwa uzito kama wako kipimo cha kuaminika zaidi ni upana wa kiwiko, kwa sababu pale mfupa uko karibu sana na ngozi hata kwa mtu mnene.

Nyoosha mkono wa kulia mbele yako, kisha ukunje mpaka uwe pembe mraba, vidole vikielekea juu na kiganja kikikutazama. Kwa mkono wa pili papasa vifupa viwili vinavyotokeza kila upande wa kiwiko, wa ndani na wa nje. Mwenye kalipa ya gereji, ile koleo ya kupimia upana wa kitu, aitumie, akibana kiasi cha kuisukuma nyama ibaki mfupa. Asiye nayo aweke kiwiko mezani katikati ya vitabu viwili vinene vilivyosimama, mtu mwingine avisukume vibane vile vifupa, kisha atoe mkono taratibu na kupima nafasi iliyobaki. Wengine hushika kwa gumba na kidole cha shahada halafu hupeleka vidole kwenye rula. Njiani vidole hujikunja, na kipimo hupotea milimita tatu, nne. Milimita hizo ni nyingi, maana tabaka zima la wastani lina upana wa milimita sita au saba tu.

Kwa mwanamke wa urefu wako, kiwiko cha wastani ni sentimita 6.0 hadi 6.7. Kwa mwanaume wa sentimita 175 ni 7.0 hadi 7.6. Chini ya hapo kiunzi ni chembamba, juu ya hapo ni kipana. Ukipima ukapata, tuseme, 6.4, basi kifundo kilikupendelea na mifupa yako ni ya wastani.

Namba hizi za kiwiko zinatokana na kampuni ya bima ya maisha ya Metropolitan Life ya New York. Ilitoa majedwali ya uzito mwaka 1942 na 1943, ikayarekebisha 1959, yakiwa na safu tatu za kiunzi, lakini bila kumwambia mtu apimeje kiunzi chake. Kila mmoja alijichagulia safu, na kwa kawaida mwenye kilo nyingi alijikuta mpana! Kipimo cha kiwiko kiliingia mwaka 1983, kwa mipaka iliyopangwa ili nusu ya Wamarekani wawe wa wastani, robo wembamba na robo wapana. Ni vipimo vya Wamarekani, basi vichukue kama mwongozo. Na ukikutana na jedwali lenyewe la 1983, ujue urefu wake ni wa mtu aliyevaa viatu vya kisigino cha inchi moja, na uzito ni pamoja na nguo za ndani ya nyumba, kama kilo 1.4 kwa wanawake na 2.3 kwa wanaume. Anayesoma kwa urefu wa peku anaangukia mstari usio wake. Ile 6.0 hadi 6.7 niliyokupa nimeshaihesabia viatu.

Sasa kilo. Ipo kanuni ya George Hamwi, daktari wa kisukari wa Marekani, ya mwaka 1964: mwanamke wa futi tano hupewa kilo 45 na nusu, na kila inchi inayozidi kilo 2.3, mwanaume kilo 48 na 2.7 kwa inchi. Kiunzi kipana ongeza asilimia kumi, chembamba punguza asilimia kumi. Wewe una futi tano na inchi tatu, hivyo 52, na ukiwa mpana 57. Mimi naiona kali, hasa kwa wanawake, tena inakupa namba moja kama vile mwili ni nati ya baiskeli.

Napendelea kuanza na BMI, yaani kilo ukigawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kiwango cha afya ni 18.5 hadi 24.9. Kwa mita 1.60 hiyo ni kilo 47.4 hadi 63.7, pengo la kilo 16, na hapo ndipo kiunzi kinapopata kazi. Ligawe pengo mara tatu: mwembamba alenge 47 hadi 53, wa wastani 53 hadi 58, mpana 58 hadi 64. Kwa hiyo 58 uliyopewa kliniki si uonevu, iko mpakani kabisa. Ukiwa mpana kweli, una haki ya kubishana hadi 64. Haki hiyo ni ya kilo sita, na kutoka 84 bado kuna ishirini za kushuka kabla ubishi huo haujaanza.

Kwa sababu hiyo, ya 58 iweke kando kwa sasa. Lengo la kwanza ni asilimia tano ya uzito wa leo: kilo 4, ufike 80. La pili ni asilimia kumi, ufike kati ya 75 na 76, kwa miezi sita hivi. Hapo tayari presho na sukari huanza kusikia. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Pima kwenye mizani ileile, asubuhi baada ya choo, sakafu ya saruji au vigae. Juu ya zulia au mkeka mizani nyingi za nyumbani husema uongo. Mwili hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa siku kwa maji na chakula tu, na karibu na hedhi zaidi, kwa hiyo linganisha wiki kwa wiki.

Wembamba nao wasicheke. Chukua mwanaume wa sentimita 175, kilo 74, kifundo 16.5. BMI yake ni 24.2, kliniki wanampa tiki. Lakini 175 kwa 16.5 ni 10.6, kiunzi chembamba, na theluthi yake inaishia kilo 63. Zile kilo kumi na moja za juu zimekaa wapi? Zungusha tepu tumboni. Huyu ndiye baba wa miguu myembamba na kitambi, anayeambiwa mtaani kuwa amependeza, pesa imemkubali. Mtu wa mazoezi mwenye misuli anaweza kufika 74 kihalali. Kiuno ndicho kinachowatofautisha.

Kiuno hupimwa katikati ya ubavu wa mwisho na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, si pale mkanda wa suruali unapokaa chini ya kitambi. Pumua kawaida, soma mwisho wa kutoa pumzi, usivute tumbo ndani. Kisizidi nusu ya urefu wako: huyu bwana asivuke 87, wewe dada usivuke 80. Hapa hakuna safu ya mifupa mikubwa.

Vipimo hivi vya kiunzi havimfai mtoto wala kijana ambaye bado anarefuka, mifupa yake haijafunga. Mjamzito naye asubiri. Mwenye baridi yabisi iliyovimbisha kifundo atumie kiwiko, kama hakijavimba pia.

Kiuno kipime tena kila baada ya wiki nne, saa ileile. Kifundo kiache mpaka umefika 75, kisha rudia palepale mbele ya kijifupa. Kikisoma 15.8 au chini yake, 160 kwa 15.8 ni 10.13, umeingia wastani, na lengo lako litakuwa 53 hadi 58. Kikibaki juu ya 15.8, niandikie tena, na ulete na kipimo cha kiwiko.