Maswali na Majibu: Rangi imefura kwenye kabini ya Saviem

SWALI: Nina Saviem J ya mwaka 1977, lori nililolipenda tangu utotoni kwa sababu ya kabini yake. Chini ya kioo cha mbele rangi imefura. Fundi anasema tusage kutu, tuweke faiba na puti, kisha tupige rangi. Itadumu? – Msomaji, Saint-Étienne

JIBU: Haitadumu. Kinachochosha ni kwamba wengi wanadhani ule uvimbe ndio mwanzo wa kutu. Ule ni mwisho wake. Maji hupenya nyuma ya raba ya kioo, yakatuama kwenye ukingo wa bati unaoshikwa na raba hiyo, yakalila bati kutoka ndani. Yanayobaki hushuka kwenye nguzo ya mlango hadi kona za sakafu. Inua mkeka pamoja na sponji yake, uchokoe kona hizo kwa bisibisi. Ikizama, tatizo lako si kioo peke yake.

Puti haizuii maji. Huyanyonya na kuyashikilia palepale penye kutu. Zile dawa za kugeuza kutu kuwa nyeusi nazo hutibu pale zinapogusa tu. Ndani ya maungio ya mabati mawili hazifiki, hata fundi akuapie.

Raba ikate, usiibanduebandue. Ukiibandua, kioo kitapasuka, na raba ya zamani haifai kurudishwa. Chomoa betri, toa sponji na vitambaa vya ndani kabla ya kuchomelea, maana kabini huungua haraka. Kata bati sentimita 2 au 3 ndani ya sehemu nzima. Kiraka kiwe cha bati la milimita 1, kichomelewe kwa MIG, mashine ya kuchomelea inayojilisha waya, yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8, nukta moja huku, nyingine kule, bati lisijikunje. Halafu rangi ya msingi ya epoksi, gundi ya maungio, rangi ya juu. Ukingo wote upakwe kabla raba mpya haijaingia. Nta ya kunyunyiza ndani ya nguzo huja mwisho. Ikitangulia, rangi haitashika.

Kwa vipuri una bahati. Kabini yako ilibuniwa kwa pamoja na Saviem, Volvo, DAF na Magirus-Deutz, walioungana mwaka 1971 na kuitoa mwaka 1975. Mlango wa Volvo F6 au DAF F700 kutoka kwa wauza vyuma chakavu unaweza kukufaa. Pima bawaba na kitasa kabla ya kulipa. Grili na bampa usihangaike nazo: kila kampuni ilikuwa na sura yake.

Ila wanaonunua malori ya Kifaransa "yaliyofufuliwa", iwe Berliet, Bernard au Unic, wanatazama mng'ao wa rangi. Tazameni chini. Kabini inayoinuliwa hushikwa na bawaba za mbele na kufuli za nyuma, na penye bawaba ndipo walaghai hupenda kujaza faiba. Bati lililooza likiachia kabini ikiwa imeinuliwa, aliye chini kwenye injini hana pa kukimbilia. Pitisheni sumaku iliyofungwa kitambaa. Isiposhika kwenye bati la chuma, hapo pana puti nene. Dai picha za bati tupu kabla ya rangi. Muuzaji asiye nazo, hesabu gharama ya kukata kabini upya na uitoe kwenye bei yake, au mwachie lori lake.