Tolkien na Le Guin: Mabishano ya Ndugu Wawili

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na dada yangu ni wapenzi wa riwaya za kifantasia, ila hatuelewani. Yeye hamwachi J. R. R. Tolkien, mimi namwona ana maelezo mengi mno, na namtanguliza Ursula K. Le Guin. Je, mtindo wa nani ni bora? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, wingi huo wa maelezo una asili yake. Tolkien alikuwa profesa wa Kiingereza cha kale huko Oxford, na alianza kuunda lugha zake za kubuni miaka mingi kabla ya kuchapisha The Hobbit mwaka 1937. Kwa hiyo kila mto na kila mlima wake una jina, na jina hilo lina historia ya vizazi nyuma yake.

Le Guin, binti wa mwanaanthropolojia Alfred Kroeber, hutegemea zaidi yale anayoyaacha bila kuyasema. Katika A Wizard of Earthsea, ya mwaka 1968, mtoto mchunga mbuzi anamsikia dada wa marehemu mama yake akimwita mbuzi aliyepanda juu ya paa la nyasi, naye mbuzi anashuka. Kesho yake mtoto anayarudia maneno yale malishoni asijue maana yake. Mbuzi wote wanamjia kimya, wamemkodolea macho ya manjano, wanamsonga hadi anashikwa na hofu na kukimbia, nao wanakimbia naye. Ni aya chache tu, na tayari tumejua kwamba katika nchi ile neno halitamkwi ovyo. Anayekumbuka ngano alizosimuliwa utotoni atautambua mwendo huo mara moja. Hata katika bunilizi yake ya kisayansi ya mwaka 1969, The Left Hand of Darkness, ameingiza visasili vifupi na ripoti kati ya sura, akamwachia msomaji kazi ya kuviunganisha.

Kwa ufundi wa sentensi, basi, nakuunga mkono. Hata hivyo, usikifunge kitabu cha Tolkien kabla ya kufika Moria, mji wa kale uliochimbwa chini ya milima, katika juzuu la kwanza la The Lord of the Rings, la mwaka 1954. Humo mchawi Gandalf anasoma kitabu kilichochanika na kutapakaa damu, anaokoteza neno hapa na neno pale, mpaka mstari wa mwisho ambao mwandishi wake aliuandika kwa haraka, akiwasikia maadui wanakuja.