Maswali ya Jikoni: Mayai ya kuku wa kienyeji, yapi ya kula na yapi ya kutupa

Wiki hii barua karibu zote ni za mayai, sijui ni msimu au vipi, basi nimeona nijibu mayai tu, wa samaki na wa mahamri mtaningoja.

*Asalam aleikum bi mkubwa. Nakaa Mishomoroni, nina kuku wa kienyeji na jogoo wawili, wanashinda nje wakichakura. Juzi kijana wangu kaenda kutoa mabati nyuma ya nyumba akakuta mayai kumi na saba kwenye majani makavu, sijui ya lini, sijui ya kuku gani. Jirani aniambia nitie kwa maji, yakizama nile yakielea nitupe. Baba watoto ataka yatupwe yote. Mayai kumi na saba roho inaniuma. Nifanyeje? — Mama wa kuku, Mishomoroni*

Waleikum salaam mamangu. Usitupe yote, na usile yote. Kabla ya maji piga hesabu kwanza, manake watu wengi hukimbilia bakuli la maji na hesabu yenyewe ingewaambia nusu ya habari. Kuku hatagi zaidi ya yai moja kwa siku, yai lamchukua masaa 24 na zaidi kidogo mpaka litoke, ndio unaona leo kataga saa mbili asubuhi kesho saa nne, halafu siku nyengine anaruka. Sasa hayo kumi na saba kama ni ya kuku mmoja, la kwanza lina wiki mbili na nusu ama zaidi. Kama ni kuku watatu wanachangia kiota kimoja basi huenda hata wiki haijaisha. Yapange mezani uyatazame: kila kuku ana rangi yake na umbo lake la yai na halibadiliki sana, kwa hivyo yakiwa yote yamefanana kama pacha, ni ya mmoja, na ni ya zamani.

Halafu muulize huyo kijana, ulipoyakuta kuku alikuwa juu yake? Yalikuwa na joto? Na wewe tazama bandani, kuna kuku ametutumua manyoya, akikusogelea analia kwa ghadhabu na hataki kula? Huyo anatamia, na mayai yake si mboga tena.

Haya sasa maji. Jirani yako hakukosea lakini kasema nusu. Ganda la yai lina vitundu vidogo vidogo, kila siku inayopita maji ya ndani yanapotea kidogo na hewa inaingia, inajikusanya upande ule mnene. Kwa hivyo yai jipya linalala chini kabisa, la kitambo linasimama wima chini ya maji, na la zamani sana linaelea. Lililosimama bado lafaa, la kuelea mimi sibishani nalo, natupa. Lakini maji yanakwambia umri tu, hayakwambii kilichomo ndani. Yai lililolaliwa siku tano na jicho la kifaranga limo, ukilitia kwa maji litazama vizuri tu na wewe utafurahi, utalipeleka kikaangoni, ulivunje mbele ya watoto. Hapo sasa.

Na hapa kwetu kuna jambo jengine watu hawalitii akilini. Yai lenye mbegu ya jogoo huanza kuamka joto likipita nyuzi 20 na kitu, sasa niambie Mombasa mwezi wa tatu hata saa tisa za usiku joto lashuka wapi? Hata asipolalia kuku, kile kitone kinaanza kukua ovyo, halafu kinafia humo humo, na ndio unapata yai viza kutoka kiota ambacho hakuna kuku aliyelala juu yake. Ndio nasema kwa mwenye jogoo, mayai yaokotwe kila siku, jioni kama umeshindwa asubuhi.

Kwa hivyo baada ya maji chukua tochi ya simu. Ingia chumbani, funga pazia, zima taa, bana upande mnene wa yai juu ya tochi na viganja vyako vizibe mwanga usitoke pembeni. Yai zima litawaka rangi ya chungwa lote, unaona kivuli cha kiini kinacheza ukilizungusha. Ukiona kitone cheusi chenye mishipa imetawanyika kama miguu ya buibui, hicho ni kifaranga cha siku nne tano. Likiwa jeusi tii lote isipokuwa ile nafasi ya hewa juu, ama kifaranga ameshakuwa mkubwa ama limeviza. Ya ganda la kahawia iliyokoza yanasumbua kuonekana, uwe na subira. Yenye mishipa mizuri myekundu na mama yake unamjua, mrudishie siku hiyo hiyo, zikitimia siku 21 utapata vifaranga badala ya hasara.

Yaliyopita maji na tochi, vunja moja moja kwenye kikombe kando, kamwe usivunje moja kwa moja juu ya wenzake. Pua yako itafanya kazi iliyobaki, yai viza halina siri. Ute kumwagika mwepesi kama maji ni uzee tu, la kuchanganya kwenye unga lafaa. Ute wenye rangi ya waridi ama kijani, hata kama hunusi kitu, mwaga na kikombe ukioshe kwa maji moto. Na yote ya kiota hicho yaive mpaka kiini kigande, hakuna jicho la ng'ombe, hakuna kuonja unga wa keki kwa kidole. Salmonela, kile kijidudu cha kuharibu tumbo, hainuki, na mtoto mdogo, mwenye mimba na mzee ndio inawaangusha zaidi. Yenye ufa ama yaliyodonolewa na kunguru, na kunguru wa huku mnawajua, usijaribu hata kuyapima.

Hayo ya kutupa yafukie chini sana. Usiwarushie kuku mayai mabichi, wakijua ladha wataanza kuvunja yao wenyewe na hiyo tabia haitoki. Na kule nyuma ya nyumba acha yai moja ulilotia alama ya penseli, ukiyabeba yote kuku atahama na utaanza kutafuta upya.

*Bi mkubwa shikamoo. Nikivunja mayai ya kuku wetu mengine yana tone la damu juu ya kiini. Ni kifaranga? — Msichana wa Tudor*

Marahaba mwanangu. La, si kifaranga. Ni kimshipa kidogo kimepasuka kiini kilipokuwa kinatoka kwenye kikonyo chake ndani ya kuku, na hutokea hata kwa kuku ambaye hajawahi kuona jogoo. Toa kwa ncha ya kijiko upike. Kuna wenye roho zao yai zima wanalitupa, hilo ni lako na ustadhi wako, mimi najibu la jikoni.

*Nauza mayai ya kienyeji Nyali na Bamburi. Wateja wanataka safi kwa hivyo nayaosha vizuri na sabuni, lakini naambiwa ati yanaharibika haraka kuliko ya dukani. Tatizo ni nini? — Kijana wa mayai, Kisauni*

Tatizo ndio hiyo sabuni, kaka. Yai latoka na utando mwembamba unaoziba vile vitundu, ukiosha umeung'oa, na ukitumia maji baridi ndio mbaya zaidi manake ya ndani yananywea na kuvuta uchafu wa nje kuingia. Wamarekani wanaosha mayai yao kiwandani lakini kutoka hapo ni baridi tupu mpaka friji ya mteja, Ulaya wao kwa kawaida hawaoshi yale ya kuuzwa mabichi. Wewe unaosha halafu unayabeba kwa bodaboda juani! Dawa ni kubadilisha majani ya viota kila mara, okota mapema, lenye vumbi pangusa kwa kitambaa kikavu. Lililopakwa kinyesi usiuze, lioshe na maji yenye joto kuliko yai, ulipike siku hiyo nyumbani. Panga upande mwembamba chini. Na yakishaingia friji yasitoke tena mpaka yapikwe, kwa unyevu wa hapa yatatoa jasho na jasho linaingiza uchafu vile vile kama maji.

*Kuku wangu wanachakura uwanja ambao zamani fundi wa betri za gari alikuwa akifanyia kazi. Mayai ni makubwa, kiini cha manjano kweli. Kuna shida? — Baba wa watatu, Mikindani*

Shida ipo, na hii maji hayakwambii wala tochi haikwambii. Betri zina risasi, yale madini mazito yenye sumu (lead), inabaki kwenye mchanga miaka na miaka, kuku anaidonoa na mdudu na inaishia kwenye yai. Kuchemsha hakuiondoi. Watu wa Mikindani si wa kuelezwa haya, ya kijiji cha Owino Uhuru, kilichoumizwa na risasi ya kile kiwanda cha betri kuukuu, mwayajua kuliko mimi, na madini haya yanaumiza akili ya mtoto kuliko ya mtu mzima. Manjano ya kiini si cheti, ni majani na mahindi ya manjano aliyokula basi. Wahamishe kuku ama wafungie banda lenye sakafu na uwaletee chakula, na mayai ya sasa watoto wasile. Na madamu tupo hapo, ukiwapa kuku antibiotiki soma pakiti, kuna siku za kungoja kabla mayai hayajaliwa, watu wanaliruka hilo.

*Bi mkubwa, mama watoto amekwenda Lamu harusini, kuku hawajui kama ameondoka, wanataga tu. Mayai yamejaa na mimi najua kukaanga peke yake. Nisaidie. — Mzee wa Likoni*

Pole mzee wangu, na harusi za Lamu haziishi leo. Yapange kwa umri. Ya wiki moja na kuendelea ndio ya kuchemsha, la leo ukilichemsha ganda litatoka na nusu ya yai. Yatie kwenye maji yanayotokota, dakika kumi, halafu maji baridi. Mengine piga kwa uma na chumvi kidogo, mimina kwenye mikebe, friza, usifrize na ganda litapasuka.

Mapya fanya mkate wa mayai, usiogope. Mayai sita, kikombe cha sukari, kikombe cha unga wa ngano, iliki. Kazi yote ni kupiga mayai na sukari, piga mpaka mkono ukuume, yageuke meupe mazito na ukinyanyua mchapo uzi wake ubaki juu kidogo kabla ya kuzama. Kisha unga, kidogo kidogo, ukunjie na mwiko taratibu, usipige tena utaua hewa yote. Sufuria iliyopakwa siagi, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Zabibu nyunyiza ukiona juu kumeanza kushika, ukizitia mapema zinazama zote chini. Usifunue funue.

Na yale ya kuchemsha yakae friji na ganda lake, wiki moja. Ukiyaacha mezani, kwa joto hili la Likoni, saa moja imetosha.